Kabureta ya Kuazima

Pikapu ilikuwa imezimika mara kadhaa tangu tulipotoka shambani, lakini pale njia panda ya Kipalapala ndipo ilipogoma kabisa. Nyuma tulikuwa na magunia ya karanga. Pembeni yangu alikaa mume wangu, fimbo yake kati ya magoti, mkono wa kulia umelala pajani kama kitu alichoombwa na mtu amshikie. Nilipunguza mwendo kumpisha mwanafunzi wa seminari aliyekuwa akivuka na baiskeli, na nilipoachia mafuta tu, injini ikatetemeka, ikakata.

Niliwasha. Ikawaka. Nikaachia mafuta, ikakata.

"Inavuta hewa," mume wangu akasema.

Tangu apate kiharusi maneno yake hutoka machache, kila moja likiwa limepimwa kwanza. Akili yake haikuguswa. Alifanya kazi reli maisha yake yote, kwenye karakana ya injini, na hata sasa ukipita na gari mbele ya nyumba yetu atakuambia linaumwa nini kabla hujakata kona.

"Inavutia wapi?"

"Kabureta. Imelika."

Lori lililokuwa nyuma yetu likapiga honi. Utingo akatoa kichwa dirishani. "Mama, si umpe mzee aendeshe?"

Hakuuona ule mkono. Niliwasha tena, nikayashikilia mafuta bila kuachia, na kila nilipotaka kusimama nilikanyaga klachi nikavuta breki ya mkono. Hivyo ndivyo tulivyoingia mjini, injini inalia, watu wanageuka kututazama, mpaka nyumbani kwetu Cheyo.  Nilipozima, mume wangu alisema, "Umeichosha klachi."

"Lakini tumefika," nikamwambia.

Gari lenyewe ni la Kifaransa, la zamani, lile lenye sura ya simba mbele na gia kwenye usukani. Zamani yalijaa nchi hii, yakibeba kila kitu kuanzia pamba mpaka maiti. Siku hizi mengi yamegeuka mabanda ya kuku. La kwetu mume wangu alilinunua kwa padri mzee wa Kizungu aliyekuwa anarudi kwao kupumzika, na kwa miaka yote iliyofuata hapakuwa na mkono mwingine uliogusa usukani ule. Mimi nilikuwa mwalimu wa shule ya msingi, na ndani ya gari lile nilikuwa abiria. Nilijua kufunga mlango taratibu na kutomkalisha mtoto mwenye matope kwenye kiti. Zaidi ya hapo sikuulizwa.

Alipougua, gari likafunikwa turubai. Mdogo wake, ambaye anauza vifaa vya ujenzi hapa mjini, alikuja na shauri lake hata kabla hatujazoea kumgeuza mgonjwa kitandani.

"Shemeji, liuzeni. Gari bila dereva ni chuma tu."

Nilikuwa nimekwisha kustaafu. Watoto wetu wako mbali na kazi zao. Shamba letu liko mbele ya Kipalapala, hospitali iko upande mwingine wa mji, na mgonjwa wangu hawezi kupanda bodaboda. Nilimsikiliza shemeji mpaka akamaliza, nikamtilia chai, na wiki iliyofuata nikaenda kujiandikisha kwenye shule ya udereva. Vijana niliosoma nao waliniita bibi. Wanawake wenzangu wa jumuiya waliniuliza, kwa ule upole ambao si upole, natafuta nini barabarani kwa umri ule. Niliwaambia natafuta gia ya tatu, maana ndiyo iliyokuwa inanishinda.

Niliipata. Nikapata na leseni. Nikalivua gari turubai, nikamkalisha mume wangu mahali nilipokuwa nakaa mimi, na tangu siku ile nimebeba karanga zangu, mahindi yangu na mume wangu bila kumwomba mtu.

Kwa hiyo kabureta ilipokufa, waliokuwa wamenyamaza wote walipata la kusema. Jirani mmoja aliniambia kwamba gari nalo huchoka kama mwenye nalo. Mwingine alitaka kujua kama sasa nitapumzika. Nilimwambia nimepumzika sana kwenye kile kiti cha abiria.

Fundi wetu ni mtu mwenye heshima na mikono mizuri, na sitaki mtu amwone mbaya kwa haya ninayoyasimulia. Aliifungua kabureta, akaiweka juu ya benchi, akaniita. Ndani ya kabureta kuna kipande cha bati cha mviringo, wao wanakiita kipepeo, kinachofunguka ukikanyaga mafuta na kufunga ukiachia. Kipepeo kile kinabebwa na kijiti cha chuma. Fundi akakishika kijiti kwa vidole, akakitikisa. Kilicheza kama jino bovu.

"Tundu limepanuka, mwalimu. Hewa inapita pembeni, ndiyo maana haikai silensa, inazima ukiachia mafuta. Zamani tuliweka bushi ya kulibana. Safari hii chuma chenyewe kimekwisha."

"Tunafanyaje?"

Akanieleza. Kuna kabureta ya pikapu za Kijapani, yenye midomo miwili, vipuri vyake viko kila duka. Anachonga bamba la kuunganishia, anafunga, kazi imekwisha. Kuna ya kuiga ile ya kwetu, mpya ndani ya boksi, inaagizwa Dar, ila hajawahi kuifunga na hawezi kuisemea. Na kuna kutafuta ya zamani, ile ile ya asili, nzima.

"Hiyo ya tatu usahau," akasema. "Sijui mtu mwenye nayo mkoa huu."

Mume wangu alikuwa ndani ya gari, mlango wazi. Aliinua mkono wake mzima.

"Midomo miwili," akasema.

Shemeji, aliyekuwa amepita kusalimia, naye akaunga mkono. Fundi akatabasamu. Wanaume watatu walikuwa wamekubaliana kabla sijafungua mdomo wangu mmoja. Nilisema tujaribu.

Na nililijaribu lile dude kwa haki. Niseme ukweli, kwenye lami lilipendeza. Nilitoka nalo barabara ya Nzega, nikakanyaga, gari likaondoka kama limetukanwa. Mume wangu alicheka. Sikuwa nimemsikia akicheka vile tangu augue. Alikuwa ameinama mbele, mkono wa kushoto umeshika dashibodi, macho yako barabarani, na kwa muda ule alikuwa dereva. Niliona. Nitakuwa mwongo nikisema sikuona.

Lakini mimi siishi barabara ya Nzega. Njia ya shambani kwetu, ukishaacha barabara kubwa, ni mchanga. Pale unatakiwa uende pole, gia ya pili, injini ikivuta kwa uvumilivu kama ng'ombe wa plau. Kabureta ya midomo miwili haikujua uvumilivu. Nikikanyaga kidogo, injini inakabwa, haina pumzi. Nikiongeza, inaruka ghafla, magurudumu yanachimba. Tulizama. Majirani wa shamba wakaja na majembe. Fundi akaifungua, akabadili hiki na kile ndani yake, tukarudi, tukazama tena, na safari iliyofuata hivyo hivyo.

Halafu kulikuwa na vumbi. Kisafisha hewa cha asili hakikuingia juu ya ile kabureta, boneti ilikuwa haifungi. Fundi alikiondoa, akaweka wavu. Ilikuwa Septemba, vumbi linakaa hewani kama moshi. Asubuhi moja nilifungua boneti nikapitisha kidole mdomoni mwa kabureta, kikatoka chekundu. Sikuhitaji kusomea karakana ya reli kujua vumbi lile lilikuwa linakwenda wapi.

Nilipeleka gari gereji asubuhi ile ile.

"Itoe," nikamwambia fundi.

Alifuta mikono kwa kitambaa, akatazama kwenye gari, alipokaa mume wangu. Shemeji naye alikuwapo. Walikuwa wameshaanza kuzungumza habari ya kukata tundu kwenye boneti ili kisafisha hewa kingine kikae.

"Mwalimu, mzee ameshasema anaitaka hii."

"Mzee haendeshi," nikasema. "Anayeendesha ni mimi. Wala hakuna atakayetoboa boneti yangu."

Sikupandisha sauti. Lakini gereji iko wazi, na mlango wa gari ulikuwa wazi. Fundi aliinamia spana zake. Shemeji akatazama simu. Mume wangu alikuwa akitazama mbele, kupitia kioo, kwenye ukuta.

Tulirudi nyumbani kwa bajaji. Nilimshusha, nikamweka barazani, nikamletea maji. Hakuyagusa.

"Umenivua nguo," akasema. "Mbele ya watu."

"Nimesema lililo kweli."

"Kweli ina mahali pake."

"Mahali pake ni wapi? Humu ndani nimelisema mara nyingi, nawe ukageukia ukuta."

Taya lake likaanza kufanya kazi. Nilidhani anatafuta tusi. Kumbe alikuwa anatafuta maneno mengine.

"Nilitaka nikanyage. Siku moja tu."

Nilikaa kwenye mkeka miguuni pake. Katika ndoa yetu nimejua kumkasirikia na nimejua kumhurumia, lakini kuyafanya yote mawili kwa pamoja kulinichosha kuliko kulima.

"Ule mguu haupo, baba," nikamwambia.

"Najua."

"Ukijua, niachie nichague chombo cha mguu uliopo."

Akatikisa kichwa. Alikuwa mkaidi kabla sijamjua, na kiharusi hakikuugusa ukaidi. "Ukirudisha ile ya asili, sipandi. Mwendo wa padri mzee. Sipandi."

"Basi utabaki hapa barazani, na mimi nitakwenda."

Nilisimama nikaenda jikoni. Nilimpikia uji, nikamlisha kama kila siku.

Ile mpya ya Dar, niliyoiagiza, ilifika kwa basi ndani ya boksi lake, inang'aa kama kito. Fundi aliifunga bila bamba wala tundu, na kisafisha hewa kikakaa mahali pake. Nilianza kutabasamu. Nililala na tabasamu hilo siku moja. Kesho yake mchana nilikuwa nachoma mahindi uani, nikasikia harufu ya petroli. Nikalifuata gari. Kabureta ilikuwa inatoa jasho la mafuta, yanatiririka juu ya injini mpaka chini, na jiko langu lilikuwa linawaka hatua chache tu kutoka pale. Nililimwagia jiko maji, mahindi na yote. Fundi alikuja, akabadili pini ya ndani, akapiga msasa mahali palipokuwa pamepinda, ikatulia, halafu ikaanza tena.

"Hii nayo itoe," nikamwambia.

Safari hii hakubisha. Aliirudisha ndani ya boksi na kukaa juu ya tairi. "Mwalimu, imebaki ya kuota ndoto."

Nilimwambia aniache niote.

Ajira yangu ya kwanza, nikiwa msichana, ilikuwa Choma, kule Igunga, kwenye udongo mweusi unaoshika kiatu wakati wa masika na kupasuka wakati wa kiangazi. Kulikuwa na mfanyabiashara wa ng'ombe mwenye pikapu kama yetu, rangi ya maziwa. Ndiyo iliyonileta na sanduku langu kutoka stendi ya Igunga nilipofika mara ya kwanza. Nilikuwa nimesikia, kwa watu wanaokuja mjini, kwamba yule mzee alikufa zamani na gari likabaki nyuma ya zizi. Hilo ndilo nililokuwa nalo mkononi. Nilimwomba binti wa jirani amwangalie mume wangu, nikapanda basi.

Mji wa marehemu ulikuwa na uzio wa minyaa uliokua mpaka kuficha nyumba. Mjane wake alikuwa ameketi kivulini, akimenya viazi vitamu. Ni mkubwa kwangu kwa umri, mwembamba, ana sauti nene. Nilimpigia magoti, nikamsalimu kwa lugha ya nyumbani, nikamwambia mimi ni nani, na wakati gani nilifundisha pale. Alinikumbuka, au alisema ananikumbuka. Akaniletea matobolwa, vile viazi vilivyochemshwa na kukaushwa, na karanga. Tuliongea habari za mvua na za watoto. Halafu nikasema lililonileta.

"Hapana," akasema.

Aliendelea kumenya.

"Wamekuja wauza chuma chakavu, nikawafukuza. Wanangu wamekuja na mnunuzi wao, nikawafukuza naye. Hilo gari ni la baba yao. Mimi sijafa, kwa nini ligawanywe?"

"Sikuja kuligawa, dada. Natafuta kitu kimoja tu, kidogo kama kikombe."

"Wote huanza na kikombe."

Nilikula matobolwa yangu. Baada ya muda akaniuliza gari la kwetu linaendeshwa na nani, kama mume wangu ni mgonjwa.

"Mimi."

Aliacha kumenya. "Wewe mwenyewe?"

"Mwenyewe."

"Umejifunza lini?"

"Nilipostaafu."

"Wakasema nini?"

Nikamweleza waliyosema. Nikamweleza habari ya gia ya tatu, na gereji, na boneti, na mume wangu aliyekataa kupanda. Sehemu nyingine alicheka, sehemu nyingine akaguna. Nilipofika kwenye neno nililomwambia mume wangu mbele ya watu, alinitazama bila kucheka.

"Lilimuuma."

"Lilimuuma."

"Ungelimeza, ungeendelea kuzama mchangani."

"Ndiyo."

Akasimama, akajifunga kanga vizuri, akaniongoza nyuma ya zizi. Gari lilikuwa limezama mpaka ekseli, kuku wanataga kwenye kiti. Lakini marehemu, Mungu amrehemu, alikuwa ameliegesha chini ya paa la bati, na boneti ilikuwa imefungwa kwa waya tangu siku hiyo. Tulikata waya. Nilikishika kile kijiti cha kipepeo kwa vidole kama fundi alivyonionyesha, nikakitikisa. Hakikucheza hata chembe. Kilikuwa kimeganda kwa uchafu, lakini tundu lake lilikuwa limekaza kama siku lilipotobolewa.

Nilianza kufungua mkoba wangu.

"Pesa sitaki," mjane akasema. "Nikipokea pesa, wanangu watasema mama ameanza kuuza, nao wataleta lori. Sikuuzii. Nakuazima. Siku ukiacha kuendesha, inirudie."

"Na kama wewe hutakuwapo?"

"Nitakuwapo," akasema, akanishikia mkoba ili nifungue nati.

Fundi aliipokea kwa mikono miwili. Aliitumbukiza kwenye petroli ndani ya debe, ikalowa mpaka ule ulimbo wa mafuta makavu ukalainika. Akavipuliza vitundu vyake kimoja kimoja kwa pampu. Kiwambo cha mpira, kile kinachosukuma mafuta unapokanyaga, kilikuwa kimekauka kama ngozi ya ngoma, kikapasuka alipokigusa. Yeye akasimama kufikiri, akaenda kwenye rafu, akashusha lile boksi la Dar. Kiwambo cha ile mpya kikaingia sawasawa. Kwa hiyo sina budi kuishukuru nayo.

Ilipowaka, ilikaa silensa. Fundi akanitazama, nikamtazama, injini ikaendelea kunong'ona.

"Mwalimu," akasema, "kwenye lami haitakimbia."

"Sina haraka ya kwenda kwenye lami."

Nililileta nyumbani, nikaliegesha mbele ya baraza bila kulizima, nikafungua boneti. Mume wangu alikuwa kwenye kiti chake, uso ameugeuzia upande wa mwembe wa jirani. Niliingia ndani, nikajifanya natafuta kitu kabatini.

"Mama," akaita.

Sikuitika.

"Mama. Silensa iko juu."

"Iko sawa," nikajibu kutoka ndani. "Fundi ameiweka."

"Iko juu. Inakula mafuta bure."

"Kama iko juu, njoo uishushe."

Nilichungulia kwa pazia. Alikaa. Halafu akaishika fimbo. Kutoka kwenye kiti kile mpaka kwenye gari ni mwendo mfupi kwangu na kwako, lakini yeye mguu wa kulia huuburuta, na kuna kidaraja cha mtaro. Nilitaka kutoka kumshika, nikajizuia. Alifika. Akaegemea ubavu wa gari, akainama chini ya boneti iliyokuwa wazi, akatoa bisibisi ndogo ambayo sikujua kama bado anaiweka mfukoni, na kwa mkono wa kushoto akaigusa skrubu. Mlio ukashuka, ukashuka, ukawa laini. Akasikiliza. Akairudisha juu kidogo, kidogo sana.

Nilitoka nikasimama karibu naye.

"Umeipata wapi?" akauliza.

"Choma."

"Ni nzuri," akasema, kwa uchungu, kama mtu anayemsifu mkwe asiyempenda. Halafu akaongeza, "Lakini sipandi."

Hakupanda. Nilikwenda shambani peke yangu wiki ile na wiki iliyofuata. Mchangani gari lilipita kama kobe, gia ya pili, bila kukabwa, bila kuruka, na mimi nikapita nikiwasalimia wale waliozoea kuja na majembe. Jumapili ya tatu nilikuwa nimeshavaa, nimefungua geti, nikamkuta amesimama kwenye mlango wa abiria, kofia kichwani. Nilimfungulia. Hatukuzungumza habari ile, na mpaka leo hatujaizungumza.

Shemeji ndiye aliyebaki. Alikuja na mgeni mmoja kutoka Arusha, mtu wa viatu safi, ambaye kazi yake ni kukusanya magari ya zamani na kuyapaka rangi. Mgeni alizunguka gari mara nyingi, akapiga picha, akafungua boneti akasema, taratibu, kwamba kukuta kabureta ya asili ikiwa nzima hivi ni bahati.

"Kaka," shemeji akamwambia mume wangu, "mtu huyu ametoka mbali. Msikilize."

Mume wangu alimsikiliza mgeni mpaka mwisho. Kisha akamwambia kwamba ana mke mkorofi, na kwamba ile kabureta si ya kwetu, ni ya watu, kwa hiyo hata akitaka kuuza hawezi. Mgeni hakuelewa. Shemeji alielewa na kukasirika, akaondoka bila kunywa chai. Ilipita miezi kabla hajarudi kutusalimia, na aliporudi nilimtilia chai ile ile.

Sisemi kwamba gari sasa ni jipya. Asubuhi za Juni linataka kuvutiwa choki lipate kuwaka, na kubembelezwa. Bodaboda zinanipita, mabasi yananipita, na wapo madereva wanaonionyesha kwa mkono nikae pembeni kabisa. Sikai pembeni kabisa. Nakaa upande wangu.

Mwaka huu, mvua zilipokatika, mume wangu aliniambia anataka kuiona barabara ya Ujiji. Miaka yake yote ya kazi alikwenda upande ule kwa reli, akiwa ndani ya injini au chini yake. Njia ya gari, ambayo ndiyo ile waliyopita wapagazi na mizigo yao, hakuijua. Tuliondoka asubuhi na chupa ya chai. Tulikwenda mwendo wetu, misitu kushoto na kulia, wauza asali wamepanga madumu yao kando ya njia, tukasimama tukanunua.

Mahali barabara inapokata reli, kabla ya Urambo, aliinua mkono wa kushoto. Nikasimama. Alikuwa amesikia treni kabla yangu. Ilikuja polepole, ya mizigo, ndefu, na yeye akawa anataja, kwa maneno yake machache, injini ile ni ya aina gani na ni wapi huwa inavunjika. Niliacha gari likiwa silensa. Treni ikapita, njia ikawa wazi, lakini yeye alikuwa bado anaisindikiza kwa macho inavyopotelea msituni. Nyuma yetu lori lilipiga honi, likapiga tena.

"Wanatupigia," akasema.

"Nimesikia," nikamwambia. "Wewe tazama."